Goti na Darasa: Mwanamichezo wa Chuo Anapohamia Kwenye Filamu

Mhadhara kwa vijana, walimu na wazazi wa Kewanja, Tarime

Nimekuja kusema hapa Kewanja jambo ambalo kwa kawaida husemwa Dar es Salaam, kwenye kumbi zenye viyoyozi, mbele ya watu ambao tayari wanalijua.

Jambo lenyewe ni safari ya mwanamichezo wa chuo kwenda kwenye uigizaji na utengenezaji wa filamu. Nitamfuata zaidi mtu mmoja, kisha nitawaita wengine pale nitakapowahitaji.

Mtu huyo ni Edi Gathegi. Alizaliwa Nairobi tarehe 10 Machi 1979, akakulia California, Marekani. Alipoingia Chuo Kikuu cha California kilichopo Santa Barbara, moyo wake ulikuwa kwenye mpira wa kikapu. Kisha goti likaumia. Kwa kijana aliyejijua kama mchezaji na si kitu kingine, goti likiondoka linaondoka na jina lake pia, na Gathegi alizama kwenye huzuni. Katika hali hiyo alijiandikisha darasa la uigizaji kwa sababu ndogo kabisa: alitafuta somo jepesi. Humo darasani akaipenda kazi, wala hakutoka tena. Alipomaliza Santa Barbara alikwenda Chuo Kikuu cha New York kusomea uigizaji ngazi ya uzamili.

Hadithi hii ikifika vijiweni husimuliwa kama hadithi ya bahati: jamaa aliumia, Mungu akamfungulia mlango mwingine, akawa staa. Nimekuja kuupinga usimulizi huo, kwa sababu unawadanganya vijana na unawapa watu wazima kisingizio. Goti halimfanyi mtu kuwa mwigizaji. Tarime na Serengeti zina vijana wengi walioumia magoti, vifundo na migongo kwenye viwanja vya changarawe, na wengi wao hawakuhamia popote. Walirudi nyumbani wakakaa. Gathegi alikuwa na kitu kimoja walichokikosa hawa: siku mguu ulipomwangusha, katika chuo kile kile palikuwa na chumba, mwalimu, ratiba na alama za mtihani. Alikwenda kutafuta somo jepesi na somo likawepo. Hilo ndilo ninalotaka tulishike jioni ya leo. Kilichomhamisha ni darasa.

Msidhani yeye ni wa kwanza. Wazee mliofika Arusha zamani mtakumbuka, au mmesimuliwa, kuhusu John Wayne, yule Mmarekani mrefu wa filamu za kikauboi. Kabla ya uhuru alikuja Tanganyika na muongozaji Howard Hawks, wakapiga huko kaskazini, Momella na maeneo ya jirani, filamu iliyoitwa Hatari!, ikatoka mwaka 1962. Humo unamwona akikimbizana na vifaru na twiga akiwa juu ya gari. Mtu huyo alianza maisha yake ya ujana kama mchezaji wa mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Aliumia akichezea mawimbi baharini, akapoteza ufadhili wa michezo, na kwa kuwa alihitaji fedha akashika kazi ya kubeba na kupanga vifaa katika studio ya filamu. Alianzia kwenye viti na meza za seti. Huyu hakupata darasa, alipata kibarua. Lakini kibarua kile kilikuwa jirani na chuo chake, katika mji ambao studio zilikuwa zinaajiri. Mahershala Ali, aliyeshinda tuzo ya Oscar mara mbili, mwaka 2017 na 2019, aliingia Chuo cha Saint Mary's huko California kwa ufadhili wa mpira wa kikapu, akakutana na jukwaa akiwa humo humo chuoni, na baadaye naye akapita New York, chuo kile kile alichopita Gathegi. Ukiwafuatilia watu hawa mmoja mmoja utaona kwamba kila mara kulikuwa na mahali pa kutua, karibu na pale alipoangukia.

Sasa nikae kidogo kwenye swali ambalo vijana huniuliza kila ninapokwenda: mwili wa mwanamichezo unakwenda na nini kwenye filamu?

Unakwenda kwanza na uwezo wa kurudia. Watu wanaotazama filamu nyumbani hufikiri mwigizaji anasema maneno yake mara moja, basi. Sivyo. Tukio la dakika moja linaweza kupigwa mara tano, mara kumi, mara ishirini: kutoka mbali, kutoka karibu, kutoka nyuma ya bega la mwenzake. Na kila mara kikombe kinyanyuliwe kwa mkono ule ule, kwenye neno lile lile, la sivyo mhariri atakosa namna ya kuunganisha vipande. Kijana aliyezoea kutupa mitupo huru mia moja baada ya wenzake kwenda kuoga anaijua kazi hii. Anajua pia kwamba mtupo wa tisini unatakiwa uwe na moyo ule ule wa mtupo wa kwanza, na hapo ndipo wengi wasiopitia michezo huchoka, wakaanza kusema maneno kama wanaosoma tangazo.

Unakwenda na kujua ulipo bila kuangalia. Mpiga picha hupima umbali wa lenzi yake hadi kwenye uso. Ukisimama nusu hatua mbele ya pale mlipokubaliana, uso unakuwa na ukungu na picha imeharibika. Kwa hiyo hubandikwa utepe sakafuni, na mwigizaji anatakiwa afike juu ya utepe huo akiwa analia, anakimbia au anagombana na mke wake, asitazame chini hata kidogo. Mchezaji wa kikapu anaujua mstari wa pointi tatu kwa nyayo zake. Winga wa mpira wa miguu anaujua mstari wa pembeni bila kuutupia jicho. Hilo tayari wanalo.

Unakwenda na masikio pia. Kocha anapomfokea mchezaji mbele ya watu mia tatu, mchezaji mzuri anachuja ukali, anabaki na maelekezo. Seti ya filamu ina maelekezo mengi na muda mdogo, kwa sababu kila saa ni fedha ya mtu. Muongozaji hana nafasi ya kubembeleza. Nimefundisha vijana wa sanaa za maonyesho waliokuja na vipaji vikubwa mno, lakini kila walipokosolewa walinuna siku nzima. Na nimefundisha wachezaji wa netiboli na mpira waliokuja hawajui lolote kuhusu jukwaa, wakakosolewa asubuhi, na mchana wakawa wameshabadilika. Nawaambia ukweli, hawa wa pili ndio niliowapenda kuwafundisha.

Kuna kitu, hata hivyo, ambacho mwanamichezo lazima akivue mlangoni, na ndicho kigumu kuliko vyote. Uwanjani ukiumia unaficha. Beki akijua mguu wako wa kushoto unauma, atakujia upande huo huo. Ukiogopa unaficha. Ukichoka unaficha, unashika kiuno kana kwamba unatafakari. Miaka kumi ya michezo ni miaka kumi ya kuufundisha uso usiseme kitu. Kamera inataka kinyume chake. Inasogea karibu kabisa na jicho lako kutafuta kile hasa ulichofundishwa kukifunika, na usipokitoa haina cha kuchukua.

Na sisi wa huku tuna uzito wa ziada. Kijana wa Kikurya hulelewa asikunje uso. Anapimwa kwa hilo siku ya tohara, mbele ya ukoo mzima, na siku hiyo hukumbukwa maisha yake yote. Sisemi malezi hayo yabezwe mbele ya kamera, wala sitaki kijana afike chuo cha sanaa cha Bagamoyo akaone aibu ya alikotoka. Nasema kwamba anayetoka kwenye malezi hayo anajua kitu ambacho waigizaji wengi hutumia miaka kukitafuta: maumivu yaliyofichwa hukaa wapi mwilini. Hukaa kwenye taya. Hukaa kwenye vidole vya miguu vinavyojikunja ndani ya viatu, na kwenye pumzi inayokatwa katikati. Akipata mwalimu wa kumfundisha kuyaachia kidogo kidogo, kwa kiasi anachotaka yeye na kwa wakati anaoutaka yeye, watazamaji hawatapepesa macho. Mtu anayejizuia kulia huumiza moyo wa mtazamaji kuliko anayelia, na hiyo ni kanuni ya kazi yetu ambayo Wakurya mnaijua tangu utotoni bila kuambiwa kwamba ni sanaa.

Turudi kwa Gathegi. Baada ya masomo alianzia jukwaani, akacheza tamthilia kadhaa za Shakespeare. Naomba mliweke hilo kichwani, kwa sababu katika mkoa huu huu wa Mara alizaliwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyekaa na tamthilia za Shakespeare akazitia kwenye Kiswahili: ile ya Kaizari mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Rais wa nchi, mwenye mzigo wote ule, alitafuta muda kwa ajili ya jukwaa. Mzazi wa Kewanja anayeniambia kwamba uigizaji ni kazi ya wahuni, nitamjibu kwa adabu kwamba mtoto wa Butiama hakuona hivyo.

Kwenye sinema Gathegi alianza chini. Mwaka 2006 alicheza dereva wa teksi, raia wa Haiti, katika filamu ya Crank. Mwaka 2007 akaonekana kwenye tamthilia ya televisheni ya House, akiwa mmoja wa madaktari wanaogombea kazi. Mwaka 2008 akawa Laurent katika Twilight, na hapo dunia ya vijana ikamjua. Mwaka 2011 akapewa Darwin katika X-Men: First Class, mhusika ambaye uwezo wake wote ni kuzoea hatari yoyote asife, na akauawa mapema ndani ya filamu. Watazamaji wengi weusi walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Mtu ametoka Nairobi, amefika hadi kwenye filamu kubwa ya Hollywood, amesomea kazi yake kwa miaka, na bado kalamu ya mtu mwingine inamwondoa kabla hadithi haijakolea.

Hapo ndipo inapoanza nusu ya pili ya safari, ile ya kutoka kuigiza kwenda kutengeneza. Mwaka 2019 ilitoka Princess of the Row, filamu ndogo kuhusu mwanajeshi wa zamani aliyeumia kichwa vitani, anayelala mitaani Los Angeles, na binti yake anayekataa kumwacha. Gathegi alicheza baba huyo, na pia alikuwa mtayarishaji. Naitaja kwa sababu haina ndege zinazolipuka wala majini. Ina mtu mmoja mgonjwa na mtoto mmoja. Mwigizaji anapokuwa na sauti katika kuchagua hadithi, mara nyingi huchagua ya watu ambao wengine waliwapita barabarani.

Mwaka 2025, katika filamu ya Superman ya James Gunn, akacheza Mister Terrific. Kwenye vitabu vya katuni mhusika huyo, Michael Holt, ni mwanasayansi, na pia ni bingwa wa Olimpiki wa mashindano ya michezo kumi ya riadha. Kijana aliyeondolewa uwanjani na goti alifika miaka ya arobaini akivaa mwili wa bingwa.

Kwa nini nasisitiza utayarishaji? Kwa sababu ya Paul Robeson. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, mtoto wa mtu aliyezaliwa utumwani, aliyechezea mpira wa Kimarekani chuo cha Rutgers na kuteuliwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo vya nchi nzima mwaka 1917 na 1918. Alisoma sheria, akaiacha, akawa mwimbaji na mwigizaji. Miaka ya 1930 akiishi London alijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwaka 1935 akacheza katika filamu ya Kiingereza iitwayo Sanders of the River, akiamini itaonyesha utamaduni wa Waafrika kwa heshima. Ilipotoka chumba cha uhariri ilikuwa wimbo wa kumsifu mtawala wa kikoloni. Robeson aliijutia filamu ile. Na katika kundi la Waafrika waliokodiwa kusimama kama wenyeji humo ndani, alikuwemo kijana wa Kikikuyu aliyekuwa masomoni London: Jomo Kenyatta. Fikirini. Mwanamichezo mkubwa wa chuo na rais wa baadaye wa Kenya, wote wako mbele ya kamera moja, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye neno juu ya picha ipi itabaki na ipi itakatwa.

Kuna mwingine wa Afrika Mashariki ambaye kwangu ndiye anayegusa zaidi, ingawa hajulikani sana hapa kwetu. Ger Duany alizaliwa Akobo, Sudan Kusini ya sasa. Vita vilimchukua akiwa mtoto, akashikishwa bunduki, akakimbilia Ethiopia kisha kambi za wakimbizi za Kenya, na mwaka 1994 akapelekwa Iowa, Marekani. Alikuwa mrefu, akacheza kikapu, na kikapu kikampeleka Chuo Kikuu cha Bridgeport. Akiwa bado mchezaji alipata nafasi katika I Heart Huckabees ya mwaka 2004, akicheza mkimbizi wa Kisudani. Mwaka 2011 alirudi nyumbani wakati wa kura ya maoni ya uhuru, na safari hiyo ikawa filamu ya hali halisi, yeye mwenyewe akiwa mmoja wa walioifanikisha. Mwaka 2014 akacheza Jeremiah katika The Good Lie, pamoja na Emmanuel Jal, ambaye naye alikuwa mtoto askari, na Arnold Oceng aliyezaliwa Uganda. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukamteua kuwa balozi mwema wa wakimbizi. Michezo ilimpa chuo, chuo kikampa mahali pa kuonekana, na filamu ikampa namna ya kuwasemea wale aliowaacha kambini. Mnyororo ule ungekatika popote, hasa pale katikati, tusingemjua.

Sasa turudi Mara, maana mtu anaweza kuniuliza: hayo ni ya Marekani, sisi yanatuhusu nini?

Mkoa huu unaijua njia ya miguu kwenda chuo. Suleiman Nyambui ni mtoto wa Majita, Musoma. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa mbio zake alifika Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, akatwaa mataji ya vyuo vya Marekani, na mwaka 1980 kule Moscow akachukua medali ya fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Medali hiyo, pamoja na ile ya Filbert Bayi ya kuruka viunzi na maji mwaka huo huo, ndizo medali mbili tu za Olimpiki ambazo Tanzania imepata. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kijana wa Mara kupata chuo kwa michezo ni ndoto ya mchana. Limeshafanyika, tena kutoka kijijini, wakati barabara zilikuwa mbaya kuliko leo.

Kuhusu kamera nako tuna ushahidi wetu. John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza wa mwisho mbio za marathoni Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bandeji, giza limeshaingia na wengi wameshaondoka uwanjani. Ilivyo kawaida, anayemaliza wa mwisho husahaulika kabla ya asubuhi. Akhwari hakusahaulika kwa sababu palikuwa na watu wa filamu waliogeuza kamera zao kumfuata, na kwa sababu Mmarekani Bud Greenspan aliichukua habari ile akaizungusha dunia nzima katika filamu zake za Olimpiki. Jambo jingine: filamu rasmi ya michezo ile ya Mexico iliongozwa na Alberto Isaac, Mmexico aliyekuwa ameogelea kwa taifa lake kwenye Olimpiki ya 1948 na ya 1952. Mwanamichezo alikuwa ameketi kwenye kiti cha muongozaji. Naamini mtu aliyewahi kuhisi mapafu yakiungua anajua mapema kuliko wengine ni wakati gani wa kusogeza lenzi karibu.

Na eneo letu limeshapigwa picha sana, ila na wengine. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aliyefariki kwa ajali ya ndege akiwa katika kazi hiyo, waliifanya Serengeti ijulikane kwa filamu iliyopata Oscar. Nyumbu na pundamilia ndio wahusika wakuu. Watu wanaoishi kandokando ya hifadhi hawana sauti humo. Miaka ya karibuni kamera zinazopanda hadi huku huja kwa ajili ya dhahabu ya North Mara na migogoro iliyouzunguka mgodi. Mambo hayo yapo na yanastahili kusemwa. Lakini ni nani amepiga filamu ya mama anayeuza uji saa kumi na moja alfajiri pale stendi? Ni nani amempiga mzee mwenye litungu anayeweza kusimulia ukoo mzima kabla nyuzi hazijapoa, au msichana kipa ambaye baba yake hajawahi kuja kumtazama akicheza? Hadithi hizo zinangoja watu wanaozijua, na wanaozijua ndio ninyi mnaonitazama.

Njia zetu za kitaasisi si tupu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na sasa kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Mtaala mpya ulioanza Kidato cha Kwanza mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali, na ndani yake sanaa na michezo vina nafasi. Televisheni za Kiswahili zinahitaji tamthilia kila wiki. Chaneli za Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo hazijazi saa zake kwa hewa. Na mapenzi ya watazamaji hayana shaka. Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, alipofariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, umati uliojitokeza Leaders Club, Dar es Salaam, kumuaga ulikuwa wa aina ambayo nchi huwapa viongozi.

Pengo letu liko katikati. Kijana anang'ara kwenye mashindano ya UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi, anang'ara tena kwenye yale ya UMISSETA akiwa sekondari, kisha Kidato cha Nne kinaisha na kila kitu kinaisha nacho. Uwanja wa shule uko upande mmoja. Klabu ya maigizo, kama ipo, inakutana siku ya wageni tu, kumkaribisha mheshimiwa kwa ngonjera. Mwalimu wa michezo na mwalimu wa Kiswahili hawajawahi kukaa meza moja kupanga chochote. Kijana akiumia, mwalimu wa michezo anamfuta kwenye orodha, na hakuna orodha nyingine ya kumwandika.

Ninachoomba Kewanja ni orodha hiyo ya pili. Sihitaji jengo. Kila anayejeruhiwa, kila aliyekosa nafasi kikosini, kila aliyemaliza shule na bado ana mwili uliozoea mazoezi, aandikwe kwenye kundi la filamu linalokutana siku zile zile za mazoezi, uwanja ule ule. Simu nzuri moja yatosha kwa picha. Fedha kidogo mtakayochanga inunue kipaza sauti kwanza, kwa sababu filamu nyingi za wanaoanza hufa kwa sauti: upepo, pikipiki, jogoo wa jirani. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza, havumilii maneno asiyoyasikia. Pigeni asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi, jua linapokuwa pembeni na nyuso zina kivuli cha kuzipa umbo. Saa saba mchana macho ya watu wetu hugeuka mashimo meusi. Andikeni kwanza. Kurasa tano zilizoandikwa kwa uangalifu zitawaokoa siku tatu za kuzunguka na simu. Na mkitaka kazi yenu ionyeshwe hadharani, fuateni Bodi ya Filamu mapema, maana sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla hamjaanza kupiga.

Jingine kuhusu mikataba, na hapa nawaomba wazazi mnisikilize kwa makini. Kwa miaka mingi watengenezaji wetu waliuza filamu zao kwa mkupuo: wanapewa kitita, wanakabidhi haki zote, na kazi inaendelea kumwingizia fedha mtu mwingine hadi kesho. Mwanamichezo amezoea kusaini anachopewa na kocha bila kusoma. Kijana wenu akiletewa karatasi, isomwe na mtu wa tatu, mwalimu, katekista, yeyote anayeweza kusoma polepole, kabla kalamu haijagusa.

Kwa kazi ya kwanza napendekeza filamu ya dakika tano, ya mtu mmoja wa timu yenu anayekaa benchi. Hakuna vita, hakuna uchawi, hakuna gari la kukodi. Mechi inaendelea nyuma yake, tunaisikia tu, kamera inabaki kwake. Aliyeumia goti acheze huyo wa benchi. Anayejua mchezo kuliko wote aongoze. Msichana mwenye mkono usiotikisika ashike simu, na mwalimu wa Kiswahili akae na wote watatu kwenye maandishi hadi kila sentensi itamkike. UMISSETA ngazi ya kata ikifika, mechi halisi zitakuwepo, watazamaji watakuwepo, kelele zitakuwepo bila malipo.

Nimesema vya kutosha. Naomba walimu wa michezo waanze kuuliza, kisha wazee, na vijana mtapewa muda wote uliobaki.